Mkono wa Kulia wa Efo Worlanyo

Ijumaa tarehe 27 Juni 2014, Efo Worlanyo Adzraku, fundi wa chumba cha picha na sauti hapa Sekondari ya Toklo, anatimiza miaka sitini na kukabidhi funguo zake baada ya karibu miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye faili lake ameandikwa Bwana W. K. Adzraku, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mtu wa posta; kwetu sote ni Efo, yaani kaka. Walimu wameiachia Klabu ya Maktaba kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu chumba chake na maktaba vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Anayesoma upande huu husikia kila kitu Efo anachokigongelea msumari, kila anachokilaumu na kila anachokiimbia upande ule.

Alianza kazi Oktoba 1983, mwaka wa njaa, akiwa kijana aliyekonda kama wenzake wote. Siku hizo slaidi ilikuwa kipande cha filamu ndani ya fremu ya karatasi ngumu, na kazi yake ilikuwa kuzipanga ndani ya projekta zisikae kichwa chini. Siku ya kwanza alionyesha Mto Volta ukiwa umepinduka, na mwalimu wa jiografia akafundisha dakika tano nzima kabla ya mtu yeyote kugundua. Kompyuta ya kwanza ilipofika shuleni mwaka 1999, Efo aliifunika kwa kitambaa kizuri cha mkewe, Davi Esinam. Kitambaa kilipotafutwa nyumbani, alijibu kwamba kimekwenda kufanya kazi ya Mungu.

Lakini kazi ambayo wengi watamkumbukia ni ya diski.

Mwaka 2009 mkuu wetu wa shule, Madam Kpodo, alimwomba atengeneze masomo ya sayansi kwa ajili ya shule kumi na nne za vijijini zisizokuwa na mwalimu wa somo hilo. Efo alitengeneza masomo tisa, jumla slaidi mia nne na kumi na mbili, akayatia kwenye diski na kuzipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Ukiingiza diski kwenye kompyuta, somo linaanza lenyewe.

Diski za kwanza hakuzifunga, na watoto walizitendea walivyotaka. Darasa moja lilibonyeza kipanya mfululizo kutoka slaidi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha likamwambia mwalimu, "Sayansi tumemaliza, Sir. Kuna nyingine?" Kwingine mtu aliingia ndani kabisa ya somo, akafuta neno "nyani" chini ya picha na kuandika jina la kiranja. Efo alirudi na diski mpya ambazo kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kipanya hakikufanya kazi, vitufe havikufanya kazi, na kila slaidi ilikaa sekunde kumi na mbili na kuondoka yenyewe. Alijivunia sana diski hizo. Alisema ni kama redio: sikiliza, usiguse.

Februari 2011 alikwenda Kpalekope, kimoja cha vijiji hivyo, kuangalia zinavyotumika. Yaliyotokea tumesimuliwa na Mwalimu Fiagbe, anayefundisha huko. Mtihani wa taifa, ule unaoamua nani aende sekondari, ulikuwa umebakiza majuma kumi. Darasani alikuwamo msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Akpene. Alikuwa amekosa shule miaka miwili akimuuguza bibi yake, kisha akafanya mtihani na kushindwa. Mjomba wake alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hii ni mara ya mwisho. Akishindwa tena, atakwenda kukaanga gari, ule unga wa chengachenga wa muhogo, kwa shangazi yake, na habari za vitabu zitaishia hapo.

Efo alikaa nyuma, mikono ameikunja kifuani, ameridhika. Ikaja slaidi ya figo. Akpene alikuwa akisoma kwa midomo, neno kwa neno. Slaidi ilipokaribia kuondoka aliinuka, akaenda mbele na kuweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Slaidi ikaondoka.

"Ishike mguu, Akpene, inakimbia!" mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni, anaipima homa!"

Darasa likaangua kicheko. Akpene hakucheka. Aligeuka akamtazama mgeni.

"Samahani, Efo. Hiki kitu chako hakina breki?"

"Kila ukurasa una sekunde kumi na mbili," Efo akajibu. "Nilipima mwenyewe."

"Ulipima ukisoma wewe. Mimi nikifika katikati, figo zimeshaondoka."

Mwalimu Fiagbe anasema siku hiyo Efo aliandaliwa akple, ugali wetu wa mahindi, na mchuzi wa bamia akaiacha sahanini, jambo ambalo halijawahi kutokea katika wilaya hii.

Aliporudi alimwambia Madam Kpodo kwamba diski zote zitengenezwe upya. Madam hakupenda. "Ukiwafungulia, Efo, watakimbilia mwisho kama mbuzi waliokata kamba. Si ulikuja hapa kulalamika mwenyewe?"

"Kuruka hawataruka, Madam," alisema Efo. "Lakini kusimama na kurudi nyuma, hiyo ni haki ya msomaji."

Ndivyo alivyofanya. Slaidi haikuondoka tena yenyewe; ilisubiri. Chini yake kulikuwa na picha mbili za mkono. Ukibonyeza mkono ulioelekea kulia, zile sekunde kumi na mbili zikishapita, unakwenda slaidi inayofuata. Ukibonyeza ulioelekea kushoto, unarudi ile iliyopita. Popote pengine ungebonyeza mpaka kidole kiume, hakuna kitu. Majuma mawili baadaye diski mpya zilikuwa vijijini.

Sasa, picha ya mkono Efo alikuwa nayo moja tu, ya mkono wa kulia. Ili kupata wa kurudi nyuma aliichukua hiyo hiyo akaigeuza. Na mkono wa kulia ukiugeuza, kila mtu anajua unakuwa mkono gani.

Bibi yake Akpene, ambaye alikuwa ameshapona na kutembea kwa fimbo, alikuja darasani kuona hicho kilichokuwa kikimchelewesha mjukuu wake kurudi nyumbani. Aliinamia kioo, kisha akanyooka.

"Nani huyu anayemwelekeza mjukuu wangu kwa mkono wa kushoto?"

"Ni kompyuta, bibi," akasema Mwalimu Fiagbe.

"Kwani kompyuta haina mama? Haikufunzwa adabu?"

Baada ya hapo hakuna mtoto wa Kpalekope aliyekubali kuugusa mkono ule. Kwenda mbele walikwenda, kurudi hawakurudi. Hata Akpene, ambaye mkono huo ulitengenezwa kwa ajili yake, alikaa mbele yake akiuogopa, na mtihani ulikuwa umebakiza majuma saba na siku kadhaa.

Mwalimu Fiagbe alipiga simu. Walioketi maktaba siku hiyo walisikia kicheko upande wa pili wa mbao, halafu Efo akijisemea kwa sauti: "Miaka hamsini na sita niko duniani, na nimewanyooshea watu mkono wa kushoto mara mia nne na kumi na mbili!"

Alimwita Davi Esinam ampige picha. Alikunja ngumi ya mkono wa kulia na kuelekeza dole gumba nyuma ya bega, kama tunavyofanya sote tukisema "kule tulikotoka." Kwenye dole hilo kuna kovu la taa ya projekta ya zamani, nalo likaonekana vizuri. Kisha akaondoa mkono wa kushoto na kuweka wake, slaidi moja baada ya nyingine, mchana kutwa, karibu majuma matatu. Mwalimu wa kompyuta alikuja kumwambia baadaye kwamba picha ya namna hiyo huwekwa mara moja tu na kutokea kwenye slaidi zote. "Ungeniambia Februari," Efo akamjibu.

Diski zilifika Kpalekope zikiwa zimebaki wiki nne. Bibi alilikagua lile dole gumba kwa makini na kusema, "Huu sasa ni mkono wa mtu aliyelelewa." Tangu siku hiyo Akpene alibaki darasani kila jioni baada ya wenzake kuondoka, akirudi, akisimama, akirudi tena.

Matokeo yalipotoka, karatasi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya Kpalekope. Efo hakuwa na sababu ya kikazi ya kwenda huko, lakini alikwenda. Akpene alikuwa amesimama mbali na mlango. Hakutaka kuangalia mwenyewe. Efo akavaa miwani na kupitisha kidole kwenye majina yote thelathini na moja mpaka chini. Akageuka, uso umembadilika.

"Sikuoni, binti yangu."

Akpene alisogea. Alimshika Efo kifundo cha mkono na kukirudisha kidole chake juu kabisa ya karatasi.

"Unasoma mbio, Efo," alisema. "Anza tena. Polepole."

Wakashuka pamoja, jina kwa jina. Lilikuwa la kumi na tisa, na mbele yake shule ya sekondari aliyopangiwa. Mwalimu Fiagbe anasema kidole hakikuondoka kwenye mstari ule kwa muda mrefu sana. Mwaka huu Akpene anamaliza kidato cha tatu, ambacho kwetu ndicho cha mwisho.

Efo Worlanyo, walimu, wafanyakazi na sisi wanafunzi wa Toklo tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa kukubali kusahihishwa na mtoto. Tunamshukuru Davi Esinam kwa kitambaa chake, ambacho tumeambiwa kitarudishwa leo. Tunakuombea afya, akple ya moto na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Upande wetu wa mbao tutaendelea kutega sikio. Nenda salama, Efo, na usifanye haraka kutusahau.