Kompyuta ya Picha Haiulizi Mtu

Benchi letu liko nje ya studio ya mpiga picha za harusi, tunayemwita Picha, na asubuhi hiyo tulikunywa kahawa pamoja na majigambo yake. Alikuwa ameingia mwenyewe kwenye mipangilio ya kompyuta, bila fundi, akaizuia isimwombe tena nywila. Sasa anabonyeza kitufe tu, inafunguka moja kwa moja mpaka kwenye picha. Na sisi tulivimba vichwa, maana mtaalamu ni wa benchi letu.

— Inanijua, — alisema Picha. — Haina haja ya kuniuliza we nani.

— Hongera, kaka, — alisema dalali wa vyumba. — Lakini jana si ilikuuliza?

— Hiyo ni ya barua pepe. Nywila zangu zingine nimezihifadhi humo ndani, zina kufuli lake. Nikitaka kutuma picha, lazima nilifungue kwa nywila.

— Yaani mlangoni inakujua, kabatini inakusahau?

Fundi cherehani akaweka kikombe chini.

— Haijasahau, inampima. Mashine inajua uzito wa kidole cha mwenyewe. Akishakunywa chai, kidole kinazidi uzito.

— Kidole wapi, bwana, — alisema dalali. — Inanusa. We hujaona feni yake inavyovuta hewa?

— Basi akila kitunguu imkatae?

— Unadhani jana alikula nini?

Picha alicheka akajiweka vizuri.

— Semeni mtakavyo. Mtaa mzima, wa kwanza kufanya hivi ni mimi.

Hapo akafika bibi harusi wa wiki iliyopita, amekuja kuchukua picha zake. Alitusalimia kwa heshima, akasikiliza kidogo.

— Anko, mtu mwingine akibonyeza hicho kitufe, zile picha za chumbani nikivalishwa, ataziona?

Dalali alitazama barabara. Fundi akakumbuka ana suruali ya mtu ya kumalizia. Mimi nilikunywa kahawa iliyokwisha.

Picha aliingia studio. Tulimsikia akibonyezabonyeza, kisha akatoka.

— Nimeirudisha, mwanangu. Bila nywila haifunguki. Na kumbe nikijibu mlangoni, na kabati linafunguka papo hapo.

— Sasa si umerudi pale pale ulipokuwa? — aliuliza dalali.

— Wapi. Zamani ilikuwa inaniuliza tu, — alisema Picha, kifua mbele. — Leo nimeiagiza mimi iniulize.