Mwalimu Kasilda na Mume Wake Asiyeelewa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Makanyagio, mlioko Kibaoni, mlioko Ugalla na mpaka kule mwambao wa ziwa, habari za jioni. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo asije akaunguza mboga, maana leo tunamkumbuka mtu, na mtu hakumbukwi kwa haraka.

Tunamkumbuka Mwalimu Kasilda. Mwalimu wa biolojia. Amefariki mwezi wa nne mwaka huu, hapa hapa Mpanda, kwa presha. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: ni Mwalimu Kasilda wa Makanyagio, yule aliyekuwa akiwaandaa wanafunzi wa kidato cha sita kwa mtihani wa taifa. Ule mtihani unaomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu, au unaomfungia.

Wengi mnamjua yeye. Wachache mnamjua mume wake, Mzee Gaudensi. Huyu ni mfuga nyuki, Mkonongo wa Ugalla, na mizinga yake iko huko huko mpaka leo. Shule aliiacha darasa la nne. Tulimtembelea nyumbani kwake tukiwa na maswali yetu tumeyapanga vizuri. Lakini kila tulipomuuliza jambo kuhusu marehemu, yeye ndiye alikuwa anatuuliza sisi. Kwa hiyo nisiwadanganye, wapendwa. Kumbukumbu ya leo ina maswali mengi kuliko majibu.

Kasilda alizaliwa Kibaoni, kwenye familia ya wakulima wa mpunga. Alikuwa binti mwenye kimbelembele, hilo hata ndugu zake hawalifichi. Akasoma, akawa mwalimu, akapangiwa kazi Mpanda. Na Gaudensi naye siku moja akapita kwenye nyumba za walimu, ana ndoo ya asali kichwani.

"Aliniuliza nyuki wanatengenezaje asali," mzee anasimulia. "Nikamwambia mimi sijui, wenyewe wako porini, akawaulize. Basi akacheka mpaka akakaa chini. Wateja wengine wote nilikuwa nawadanganya, nawatungia habari. Sijui kwa nini yeye nilimwambia kweli."

Ndoa ikafungwa. Watoto wakaja, wa kwanza Maiko. Miaka ikaenda, mwalimu akastaafu. Wengi wakistaafu hufungua duka au hufuga kuku. Mwalimu Kasilda alifungua kibaraza cha nyumba yake. Wanafunzi wakaanza kuja jioni, wa shuleni na wale wanaorudia mtihani kwa kujitegemea. Na hapo ndipo ulipoanza utaratibu wake ambao, wasikilizaji, sijausikia kwa mwalimu mwingine yeyote.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mwanafunzi akishasoma mada, akaimeza, akaitema kwa Kiingereza kama maji ya bomba, mwalimu hampi alama. Anamwambia, "Haya, sasa kamweleze Baba Maiko."

Mzee Gaudensi anakaa kwenye kigoda pale kibarazani. Mwanafunzi anasimama mbele yake. Marufuku neno la Kiingereza. Anaeleza kwa Kiswahili, na anayeweza Kikonongo aeleze kwa Kikonongo. Mwalimu mwenyewe anakaa pembeni kwenye mkeka wake, ungo mapajani, anachambua mchele. Mzee akisema, "Sijaelewa," mwalimu anasema neno moja tu, "Rudia." Mtoto anarudia. Mzee anasema tena, "Sijaelewa." Mwalimu anasema, "Rudia." Mpaka jasho limtoke mtu.

Na mzee alikuwa haigizi. Narudia hapo, maana ndipo penye kiini cha habari: mzee alikuwa haelewi kweli. Moyo na mishipa yake, majani na mwanga wa jua, vyote vilipita mbele yake vikaenda zake. Walioelezea wakaenda vyuo vikuu, Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam. Leo wengine ni manesi, wengine maofisa wa kilimo. Yeye akabaki na kigoda chake, na hakuona ubaya wowote.

Hakuona ubaya mpaka siku ya msiba.

Msiba wa Mwalimu Kasilda ulijaa watu, na palipo na watu wengi watani hawakosi. Mtani wa ukoo wa mzee ni bwana mmoja anaitwa Obadia. Mnajua kazi ya mtani msibani. Anamwiga marehemu, anawaiga wafiwa, anawachekesha watu katikati ya kilio, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Basi Obadia akaichukua kofia ya mzee akaivaa. Akakalia kile kigoda. Padri alikuwa ndiyo amemaliza kuongea.

Obadia akasema kwa sauti ya mzee kabisa, "Eti nyie mnasema Kasilda amekufa? Sijaelewa. Rudia!"

Watu walicheka huku wanalia. Mama mmoja alicheka mpaka akajishika kiuno. Obadia akaendelea, "Mimi mke wangu aliniweka hapa kama jiwe la kunolea visu. Visu vyote vimeondoka, jiwe liko palepale!" Watu wakacheka tena. Mzee naye akacheka, ndiyo desturi, akampa Obadia kuku wake wa utani, yakaisha.

Lakini kwake hayakuisha. Lile neno la jiwe lilimwingia. Mtani husema kwa mzaha lile ambalo wengine wanalimeza. Siku zote hizo za matanga, watu wakimpa pole, yeye alikuwa anawaza jambo moja: hivi Kasilda aliniweka pale kwa sababu mimi ni mjinga? Nilikuwa mume wake, au nilikuwa kifaa chake cha kufundishia?

Akamuuliza Athanasie, mdogo wa kike wa marehemu, aliyekuja kutoka Kibaoni. Akamwambia, "Shemeji, niambie ukweli. Dada yako alikuwa ananiona mjinga?"

"Haa! Shemeji nawe!" Athanasie alimjibu. "Angekuona mjinga angekuzalia watoto wote hawa?"

"Hilo si jibu."

Athanasie naye akafikiri. Mwisho akasema, "Kuna siku aliniambia, yule mzee wangu haoni aibu kusema hajui. Sasa mimi sikumuuliza kama anakusifu ama anakusema. Tulikuwa tunasonga ugali, tukaendelea na mambo mengine."

Mzee Gaudensi aliligeuza neno hilo huku na huku. Akiliangalia asubuhi anaona ni sifa. Jioni anaona ni masimango. Akapanga arudi zake Ugalla, kwenye mizinga, kwa nyuki wasiomweleza mtu chochote. Nauli ya pikipiki mpaka kijijini alishapatana na kijana wa bodaboda.

Ndipo akaja Recho.

Recho ni binti wa Makanyagio. Mwaka jana alifanya mtihani wa kidato cha sita, akakosa alama za kumwingiza chuo kikuu. Anataka kusomea uuguzi. Mwaka huu alikuwa anarudia, na ilikuwa imebaki wiki moja tu mtihani uanze. Alifika jioni, akaamkia, akasimama pale kibarazani anasokota ncha ya khanga.

"Babu," akasema, "nimekuja kueleza figo."

Mzee alichanganyikiwa. Amueleze nani, na mwalimu hayupo? Alitaka kumwambia mjukuu wangu nenda kwa walimu wako, hapa pamefungwa. Lakini akaona macho ya yule binti. Akakaa kwenye kigoda. Wasikilizaji wapendwa, hofu yake ilikuwa hii: yeye hajui kipimo. Kasilda alikuwa anajua wakati wa kumwachia mwanafunzi aende. Yeye hajui. Akimwachia Recho kabla hajaiva, amemponza. Akimng'ang'ania mpaka yeye mzee aelewe, mtihani utapita binti bado yuko kibarazani.

Recho akaeleza. Damu inaingia kwenye figo. Ndani mna vichujio vidogo sana. Maji, chumvi, sukari na uchafu vinapita kwenye vichujio. Kisha mkojo unatoka.

"Sijaelewa," mzee akasema.

Hakuna aliyesema rudia. Recho akarudia mwenyewe, maneno yaleyale, mpangilio uleule, kwa haraka zaidi.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Umesema sukari inapita kwenye chujio pamoja na uchafu?"

"Ndiyo, babu."

"Na vikishapita ndiyo mkojo?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona mkojo hauna sukari?"

Kwa Kiingereza Recho alikuwa na majina yote ya kile kitu, na alikuwa ameyaandika mara nyingi tu kwenye majaribio. Lakini kitu chenyewe hakukiona popote. Machozi yakamlengalenga. Akaaga, akaondoka bila hata kunywa maji. Na mzee akabaki anajilaumu: nimefanya nini? Nimemvunja moyo mtoto wa watu, na mtihani huu hapa. Mimi mwenyewe jibu sina, nilikuwa nauliza tu!

Yule wa bodaboda alipokuja kumchukua, mzee alimwambia asubiri kwanza. Hata yeye hajui alikuwa anasubiri nini.

Recho alikuwa amekwenda kumtafuta mwalimu wa biolojia shuleni. Akarudi jioni iliyofuata, mara hii anatembea haraka. Hakusubiri kukaribishwa.

"Babu, sikiliza. Vikishapita kwenye chujio, bado si mkojo. Vinaingia kwenye mrija mrefu umejikunjakunja. Kuta za ule mrija zinaokota. Zinaiokota sukari yote, zinaokota maji mengi, zinarudisha kwenye damu. Kinachobaki bila kuokotwa ndiyo mkojo. Na mgonjwa wa kisukari, sukari inakuwa nyingi, kuta zinashindwa kuiokota yote, ndiyo maana mkojo wake una sukari!"

"Sijaelewa," mzee akasema.

"Wapi, babu?"

"Kama mwili unaitaka sukari, kwa nini uitupe halafu uiokote? Si ungeishika tu tangu mwanzo?"

Recho akacheka. Akacheka kabisa, yule yule wa machozi ya jana. "Babu, hilo na mimi sijui! Nikifika chuo nitauliza. Lakini unavyofanya kazi nimeelewa. Mimi nimeelewa, babu." Akainuka, akakung'uta khanga, akaaga, akaenda zake.

Mzee alikaa pale akimtazama anavyopotea kwenye kona ya duka. Na hapo, wapendwa, ndipo jambo moja lilipomjia. Alijaribu kumkumbuka Kasilda akimwambia mwanafunzi, sasa umeiva, nenda. Akakumbuka wanafunzi wengi, jioni nyingi. Hakumkumbuka akisema hivyo hata mara moja. Kasilda alikuwa anasema rudia tu. Waliokuwa wanainuka ni watoto wenyewe, wakishaelewa. Miaka yote alidhani mkewe ndiye anawaachia.

Jambo hili moja, kati ya yote yaliyopita mbele yake pale kibarazani, alikuwa amelielewa. Akafurahi. Akageuka upande wa mkewe ili amwambie.

"Nikaona mkeka mtupu," alituambia mzee, na baada ya hapo hatukumuuliza swali lingine.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mwalimu Kasilda wa Makanyagio. Mwalimu wa biolojia, aliyefariki mwezi wa nne. Mtihani ulishafanyika. Matokeo bado, na Recho anayasubiri kama wenzake wote. Mzee Gaudensi hajaenda Ugalla. Anasema atakwenda, hajasema lini.

Tunatoa pole kwa Maiko na wadogo zake. Tunatoa pole kwa Athanasie na ukoo wote wa Kibaoni. Obadia mtani, wewe hatukupi pole, kuku ulishapewa. Nasi tuliobaki tutafakari: mtoto akija na daftari lake kukueleza usichokijua, unatikisa kichwa ili akuone msomi, au unamwambia kweli?

Na wewe Mzee Gaudensi, najua unatusikiliza. Ulituuliza kama Kasilda alikuona mjinga, au alikuona mwenzake. Tumewauliza waliosoma kwake, tumeuliza majirani, kila mmoja kasema lake. Pole sana, mzee wetu. Tungejua, tungekwambia.