Mstari Nilioufuta Mguuni

Bwana asifiwe, kanisa! Naona wengine mmeitikia huku mnaangalia chini, mnatafuta mguu. Haupo! Angalieni vizuri mara moja mshibe macho, halafu mnisikilize. Na mnisamehe, leo nitashuhudia nikiwa nimekaa.

Kwa wageni, mimi naitwa Wakesho, Mama Shali. Nauza nyanya na ndizi hapa soko la Voi. Ukifika pale uulize mama mbishi ni nani, utaonyeshwa meza yangu bila kupoteza wakati. Ndugu zangu, mwaka jana nilisimama hapa mbele nikatoa ushuhuda, mkapiga makofi mpaka mabati yakalia. Leo nimekuja kuurekebisha ushuhuda ule, kwa sababu ulibakiza kidogo tu uniue.

Nilipoambiwa nina sukari, nilimjibu daktari kwamba hiyo si yangu, amtafute mwenyewe. Nyumbani nikalipiga marufuku neno lenyewe. Binti yangu Shali akisema, "Mama, sukari yako," namkatiza: "Sukari iko kwa mkebe, mimi sina!" Niliamini kwamba ukiutaja ugonjwa kwa kinywa chako, umeukaribisha na kuupa kiti. Dawa nilikuwa nameza, lakini kwa kujificha, na nikimeza nasema moyoni kwamba simezi.

Halafu nyayo zikaanza kuwaka. Ndugu zangu, zinawaka kama umekanyaga makaa, na ukizitia kwenye maji bado zinawaka. Mkaniombea hapa hapa. Baada ya muda ule moto ukazima. Kabisa! Nikaja mbele, nikavua viatu, nikapigapiga nyayo sakafuni mnione. Nikaweka dawa zangu juu ya meza ile, nikasema sitazigusa tena maisha yangu yote. Tulicheza siku hiyo! Sikuwa nadanganya. Mungu ananiona, niliamini kila neno nililosema.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Siku moja Shali alikuwa anapiga deki. Akainama, akauliza, "Mama, hii damu ni ya nani?" Tukaifuata ile damu, tone kwa tone, ikatufikisha kwenye mguu wangu wa kulia. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya ndala na kuingia unyayoni wote, na mimi nilikuwa nimeutembelea tangu asubuhi bila habari. Shali akaung'oa, mimi namtazama tu. Haukuuma hata kidogo. Unajua nilifanya nini? Niliinua mikono nikashangilia! Nikamwambia mtoto, "Unaona? Mungu ameondoa maumivu hata ya miiba!"

Kile kidonda hakikufunga. Kilipanuka, kikaanza kutoa maji, kisha usaha. Mume wangu, Baba Shali, ni fundi wa magari, mtu asiye na maneno mengi. Akaniomba, "Mama Shali, twende wakaoshe tu. Kuosha si dhambi." Nikamrukia. "Unataka kuniaibisha? Mimi nimeshashuhudia! Nitapita vipi na bandeji mbele ya watu waliopiga makofi?" Hapo ndipo nilipokuwa nimejifungia, ndugu zangu. Nikirudi hospitali nimemfanya Mungu mwongo, nikibaki nyumbani naoza. Nikachagua kubaki.

Nikavaa soksi mbili, nikavaa buti la mpira, katika joto hili la Voi! Wateja wakaniuliza kama nimeamua kufuga ng'ombe. Nikacheka nao. Nzi wakaanza kuzunguka chini ya meza, nikawaambia watu ni ndizi zimeiva sana. Jumapili nilikaa kule dirishani, na nyinyi kwa upendo wenu mkafungua madirisha yote hata siku ya vumbi, na hakuna aliyesema neno. Nyumbani niliukemea ule mguu. Niliuamuru. Niliupigia kelele mpaka jirani akadhani nagombana na mume. Na kila nilipovua soksi, weusi ulikuwa umepanda.

Asubuhi moja nampimia mama mmoja nyanya, jasho la baridi likanitoka, macho yakajaa giza. Nakumbuka nyanya zikibiringika. Nilipozinduka nilikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi, mguu uko wazi, na chumba kizima kinanuka mimi.

Daktari alikuwa mama kijana, mpole, lakini hakuzungukazunguka. Alisema, "Mama, ule moto haukupona. Mishipa ya kuhisi ilikufa, ndiyo maana hukusikia mwiba." Ndugu zangu, nilihisi kama mtu amenivua nguo mbele yenu wote. Ule muujiza niliouchezea hapa ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe ukiendelea na kazi yake! Akasema uozo umefika kwenye mfupa, lazima mguu ukatwe chini ya goti. Nikamwambia hanijui mimi ni nani. Nikamwambia mguu huu umetajwa madhabahuni na hakuna kisu kitakachougusa.

Hakubishana. Alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka mguu wangu, pale uvimbe ulipoishia. Akasema, "Uvimbe ukivuka hapa kwenda juu, goti litakuwa hatarini. Ukivuka goti, sitakuahidi chochote. Siwezi kukukata bila ruhusa yako, lakini fikiria haraka." Akaenda kwa wagonjwa wengine, akaniacha na ule mstari.

Mmewahi kuuangalia mstari? Nilisema, hapa ndipo Bwana atajitukuza. Nikakemea. Nikaushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, nikakaza, kana kwamba mtu ananivuta upande ule mwingine na nikilegea tu amenichukua. Jua la mchana linachoma dirisha, homa inanichoma ndani, meno yanagongana. Kila mara nafunua shuka nachungulia. Mara ya kwanza uvimbe uko chini ya mstari. Nikamshukuru Mungu. Tena nikachungulia, umeugusa. Nikasema ni macho. Baba Shali akatoka kunitafutia uji, nikafunua tena.

Ulikuwa umevuka.

Sasa mtanisikia nilichofanya. Nilichukua kitambaa cha maji walichonipangusia uso, nikaufuta ule mstari. Nikasugua mpaka ukaisha. Nikamwomba mama wa kitanda cha pili anikopeshe kalamu, nikamwambia nataka kuandika namba ya simu. Nikachora mstari mwingine, juu zaidi, karibu na goti. Mstari ukaenda kombo. Nilipoinua uso, Baba Shali amesimama miguuni pa kitanda na kikombe cha uji. Alikuwa ameona yote.

Nilimngojea apige kelele. Nilikuwa na majibu, mimi sikosi majibu! Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akaniita jina langu, ambalo haniiti tangu tupate mtoto. "Wakesho," akasema. "Unashindana na nani?"

Nikafungua mdomo niseme shetani. Nilimtafuta adui pale kitandani nikamkosa. Daktari alikuwa anataka niishi. Mume wangu alikuwa anataka niishi. Hata ule mguu, maskini, ulikuwa umenibeba miaka yote na sasa umekufa, na mimi namburuta maiti nikimwambia amka. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nashindana na Mungu mwenyewe, nimemshika mkono nisimwachie afanye anavyotaka, na huku nashinda nikiliita jina lake. Niliogopa! Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu.

Nikasema, "Bwana, nimechoka." Yeye alikuwa anajua. Nikasema, "Sawa." Nikarudia, "Sawa, Bwana. Uchukue."

Hamtaamini, sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Homa ilikuwa pale pale. Kilichotokea ni kwamba mikono yangu iliachia ukingo wa kitanda, na viganja vilikuwa na alama za chuma. Nikamwambia Baba Shali, "Kamwite daktari mbio. Mwambie mstari huu ni wa uongo, nimeuchora mimi."

Daktari alikuja akikimbia. Alibonyeza, akapima kwa vidole, akaangalia juu, akasema, "Goti bado linaweza kupona, lakini ni sasa hivi." Nikatia sahihi kwa mkono ule ule uliochora uongo. Wakanipandisha kwenye kitanda cha magurudumu, tukaanza kwenda.

Kwenye ukumbi nikamwona Mchungaji anakuja, vumbi la safari limejaa koti lake, ametoka Taveta kwenye maombi. Ndugu zangu, huyo ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote! Nilifunika uso kwa shuka. Nikamwambia nikiwa ndani ya shuka, "Mchungaji, nisamehe, nimekuaibisha." Akatembea sambamba na kitanda, akasema, "Mama Shali, mimi ndiye niliyeshangilia bila kukuuliza umepimwa lini. Tusameheane, halafu nenda." Akaomba maneno machache, mlango ukafungwa.

Walinichoma sindano ya mgongo. Nilikuwa macho. Kuna kitambaa cha kijani mbele ya kifua, huoni chochote, lakini masikio yanasikia. Moyo ulitaka kuruka. Mwili mzima ulitaka kushuka pale mezani ukimbie, na miguu yenyewe imeshakufa ganzi! Nikasema sawa. Vyuma vikalia, nikasema sawa. Sista akaniuliza naongea na nani, nikamwambia nakubaliana na mtu.

Goti likapona. Mimi nikapona. Bwana asifiwe sana!

Lakini nisiwadanganye mara ya pili. Sikurudi nyumbani nikiimba. Ule mguu uliokatwa ulikuwa unaniwasha kidole gumba, na kidole chenyewe hakipo, nikune wapi? Asubuhi ya kwanza nyumbani nilisahau, nikashuka kitandani kama mtu mwenye miguu miwili, nikaanguka nikapiga kidevu. Nililia kwa hasira. Nilirusha kikombe ukutani, Shali shahidi. Nilimuuliza Mungu kwa nini, nilimuuliza sana, na mpaka leo hajanijibu. Kumbe ile sawa ya hospitali haikutosha siku zote. Kuna siku naisema kabla sijafumbua macho, na kuna siku naisema saa sita mchana huku nimeuma meno.

Nyumbani kwetu nilikozaliwa ni Mwanda, kule milimani, na wanaopajua wanajua njia ya kwa mama yangu, ni kupanda tu katikati ya mashamba, hata pikipiki inaachwa chini. Nilipokwenda kumwona, kaka yangu akachuchumaa, akaniambia nipande mgongoni. Mimi! Mwanamke mzima, mbele ya majirani na majembe yao! Nilikataa, tukabishana, mwishowe nikapanda huku nimejikaza kama gogo. Njia nyembamba, upande mmoja ni mteremko mtupu. Kila akiteleza mimi namshika shingo nampigia kelele, "Niteremshe! Niteremshe!" Akasimama, anahema, akasema, "Dada, ukinikaba tutaanguka sote wawili. Legea tu, mimi nimeshakubeba." Nikafumba macho nikalegea. Nilisikia miguu yake ikishika ardhi vizuri, hatua baada ya hatua. Nikaweka kichwa begani kwake nikalia kimyakimya mpaka tukafika, na mama akatupokea akilia zaidi yangu.

Leo najidunga sindano yangu ya sukari kila siku mbele ya yeyote. Nasema, "Sukari yangu iko hivi leo." Naitaja kwa jina! Sokoni nimenunua kiti kirefu, na mdomo wangu mnaujua, haukukatwa. Mguu bandia wanasema utakuja. Ukija, sawa. Ukichelewa, magongo haya nimeshayazoea.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru Baba Shali, ambaye aliniuliza swali moja tu. Nawashukuru nyinyi kwa kuyafungua madirisha, ingawa siku nyingine, tafadhali, mtu akinuka namna ile mwambieni!

Na kuna ndugu mmoja hapa, simtaji. Juzi alinifuata sokoni akaninong'oneza kwamba anafunga, hali chakula, ili mguu wangu uote tena. Ndugu yangu, nakupenda kwa hilo. Nenda ukale.

Basi, kama umekaa hapa na umeshika kitu mpaka viganja vinauma, labda ni majibu ya daktari uliyoyaficha, labda ni mtoto aliyezikwa na wewe hujakubali, labda ni mume aliyeondoka, sikuambii usilie. Lia. Lakini mwambie Bwana sawa, yeye hatakudondosha. Kama unaogopa kuja mbele peke yako, inua mkono tu pale ulipo, nami nitakuja tukae pamoja. Siku hizi sitembei haraka, lakini nitafika.