Dada Salamu, Askari Aliyekanwa

"Vita vimekwisha, sasa hawa vijana wanalinda nini huko ng'ambo?" Hilo ndilo swali ambalo marehemu bibi yetu aliwauliza maofisa wa redio ya jeshi siku yake ya kwanza kazini, na mmoja wao akaagiza chai.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani, akasoma hapa hapa mjini hadi kidato cha nne, na shuleni walimu walimwita Mdomo, na hawakumsingizia. Mwaka 1973 aliajiriwa kuwasomea salamu za familia askari waliobakizwa ng'ambo baada ya vita, katika chumba kilichogongomewa magodoro ukutani ili kuzuia mwangwi, nao askari wakambatiza Dada Salamu.

Kila salamu ilipita kwanza kwa kapteni mwenye kalamu nyekundu, aliyefuta habari zote za misiba na maradhi, eti vijana wasivunjike moyo, lakini bibi alipofika palipofutwa hakurukia mstari wa pili, alinyamaza kwa kadiri ya maneno yaliyokatwa, kisha akaendelea, na kule kambini askari wakajua nyumbani kuna jambo, wakaanza kudai kurudishwa.

"Wewe mwanamke, unachochea maasi?" kapteni alifoka.

"Afande, ulinikataza kusema, kunyamaza hukunikataza."

Tarehe 2 Agosti 1976 mahakama ya jeshi ilimtia hatiani kwa utovu wa nidhamu, akafukuzwa, na mwezi huohuo akaolewa na fundi mitambo wa studio, aliyeamriwa kuziba kimya kile kwa muziki, akagoma, naye akaonyeshwa mlango. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu saba, na ulimi tumerithi sote.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akafariki Jumanne iliyopita, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa. Tuliliomba jeshi limzike kama askari wake, likajibu kwamba alikuwa kibarua wa kiraia, hivyo halitatoa wabebaji wa jeneza. Kibarua! Siku ya kumhukumu alikuwa mwanajeshi kamili, siku ya kumzika hawamjui. Hatutabembeleza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na watangazaji wenzake wa zamani. Lala, bibi, zamu yako umeimaliza.

Na ninyi wazee wetu mliorudi kutoka ng'ambo, tunawaona mmejikalia safu za nyuma, hata kama magoti yanalalamika, tafadhali njooni mumbebe.