Kawira wa Mbae, Dereva wa Lori la Moyale

Asalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii imeandikwa na bintiye Kananu na itasomwa yote.

Marehemu Kawira alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa Bulla Pesa, mtoto wa tatu wa Mzee Mbae, fundi wa magari, na mkewe Ciokaraine, muuza mboga, ambao wote wametangulia. Alimaliza darasa la saba mwaka wa 1967, akafaulu kuliko ndugu zake wote, lakini karo ilitosha mtoto mmoja tu, ikaenda kwa kaka yake, ambaye aliacha shule akiwa kidato cha pili. Kawira hakuelezwa lolote, alikabidhiwa ovaroli kuukuu ya babake na kuonyeshwa mahali pa kuoshea spana.

Gereji alimofanya kazi babake ilikuwa ya Mzee Ahmednasir, msafirishaji ambaye babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, na hapo ndipo Kawira alipojifunza kufungua giaboksi na kuirudisha, na kuendesha lori ndani ya ua wakati madereva wameenda kuswali. Tarehe 2 Juni 1975 alikwenda kufanya mtihani wa leseni, mkaguzi akakataa kupanda, akasema mbele ya watu, "Mimi siwezi kuuawa na mwanamke, rudi ukapike." Mzee Ahmednasir, aliyekuwa amemsindikiza, akamjibu, "Basi baki chini, mimi nitapanda na yeye, wewe utatuangalia." Mkaguzi aliona haya, akapanda, na Kawira akashuka akiwa mwanamke wa kwanza katika mji huu kuwa na leseni ya lori.

Mwaka uliofuata alikabidhiwa lori la Moyale, enzi hizo barabara ikiwa mawe, vumbi na mchanga mtupu, akipeleka unga na sukari, akirudi na ngozi na mbuzi. Kiangazi cha 1984 alipeleka mahindi ya msaada Kinna na kwingine ambako madereva wengi walikataa kwenda. Hata hivyo, katika hoteli za njiani wanaume walihama meza akikaa, akazoea kula ndani ya lori peke yake, na alisema ugali ulikuwa mtamu humo, ingawa hatujui kama alisema kweli.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Bwana Bedan, karani wa ghala, wakajaliwa watoto wawili, Mutuma mwaka wa 1979 na Kananu mwaka wa 1982. Bedan aliyasikia maneno ya wenzake sokoni, akayabeba nyumbani, mpaka siku moja akamwambia, "Chagua, ni mimi ama ni hilo lori." Kawira akamwambia, "Hilo lori ndilo linalotulisha sote, hata wewe." Bwana Bedan aliondoka Agosti 1987, na hata leo hayupo.

Tarehe 17 Novemba 1993, akitoka Marsabit amebeba akina mama Waborana wafanyabiashara, alimiminiwa risasi na majambazi kabla ya kufika Laisamis. Utingo wake, kijana Galgalo, alijilaza chini akilia, "Simama, mama, simama, watatumaliza!" Risasi ilimwingia Kawira pajani, matairi mawili yakapasuka, lakini hakusimama, aliendesha kwa rimu mpaka penye askari, na hakufa mtu hata mmoja. Gazeti liliandika kwamba shujaa huyo ni Bwana K. Mbae. Afisa mmoja alikuja wodini na cheti cha ushujaa, akauliza mzee huyo amelazwa wapi, na alipoonyeshwa kitanda alicheka, akanyoosha mkono juu ya mgonjwa, akampa cheti Galgalo, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Galgalo akakipokea. Kawira alimwambia Kananu kwamba paja lilipona, lakini ule mkono uliopita juu yake haukumtoka.

Ni yeye aliyemfundisha Galgalo kuendesha. Mzee Ahmednasir alipofariki mwaka wa 2001, wanawe waliuza malori, na mizigo ikawa inagawanywa na chama cha madereva, mwenyekiti akiwa Galgalo. Kawira alikwenda kuomba uanachama, Galgalo akamwekea kiti, akamwitishia chai, akamwambia, "Mama, wewe tunakuheshimu kabisa, lakini hiki chama ni cha wanaume." Hakuendesha lori tena, aliuza vitunguu kutoka Rapsu mpaka miguu ilipokataa.

Mwaka wa 2008, Mutuma alipokwenda kuposa, aliwaambia wakwe kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu. Kawira alikuwa amekaa papo hapo, hakumwaibisha mwanawe, ila njiani wakirudi alimwuliza Kananu, "Kwani mimi nilifundisha somo gani?" Mutuma yuko hapa, amesikia, na amekubali isomwe.

Marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari mwaka wa 2019, akakatwa mguu wa kulia mwaka wa 2022, akaaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye. Ameacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bulla Pesa, Wakristo na Waislamu, waliompikia na kumwogesha, akina mama wa Marsabit waliosafiri hadi hapa kwa sababu ya ile siku ya risasi, na wenzake wa sokoni.

Chama cha madereva kimeleta shada kubwa la maua, na utepe wake umeandikwa "Mama Mlezi wa Madereva". Mwenyekiti Galgalo ameketi mbele na ameomba kuzungumza. Familia imekata utepe huo, na baada ya historia hii hakutakuwa na hotuba nyingine, kwa sababu maneno hayo Galgalo alikuwa na miaka mingi ya kumwambia marehemu akisikia. Na marehemu hakuwalea madereva.

Pumzika, Kawira wa Mbae, dereva.