Picha Yetu Kwenye Dirisha la Studio, Katesh

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu. Lakini yaliyonipata hayakuja kwa upole, na baadhi ya walioyaleta wamekaa humu ndani.

Ni miaka ile tulipotengwa na Arusha tukapewa mkoa wetu wa Manyara. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, Katesh imejaa mitumba, redio na kamera ndogo. Kijana mmoja akafungua studio karibu na uwanja wa mnada. Yeye hakusubiri watu waje kukaa kwenye kiti chake. Alizunguka mnadani akiwapiga picha mume na mke, au wachumba, bila wao kujua. Filamu ikirudi kutoka kusafishwa Arusha, anawatafuta awauzie.

Mimi na mume wangu tulitoka kijijini kwetu Gendabi kuuza vitunguu swaumu. Nilikuwa na mimba kubwa, siwezi hata kuinama. Mkanda wa kiatu changu ukafunguka katikati ya watu. Mume wangu akapiga goti akaufunga, nami nikamshika bega nisianguke. Tukacheka. Basi. Kosa letu ni hilo.

Baada ya muda nikasikia tuko dirishani pale studio, picha imekuzwa, chini imeandikwa "Mahaba". Nawaambia, maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Kilabuni walimwita mume wangu fundi viatu. Ndugu zake wakasema mwanamume mwenye akili hapigi goti mbele ya mwanamke, kwa hiyo nimemlisha dawa. Mama mkwe akaacha kula chakula nilichopika. Kanisani, ninyi akina mama mlisogea mbali nami kwenye benchi nilipokaa. Msiangalie chini. Mlisogea.

Mume wangu akabadilika. Akawa anatembea mbele yangu kama hanijui. Uchungu uliponishika alikataa kunipeleka zahanati, akasema hataki kuonekana nami barabarani. Nilipelekwa kwa mkokoteni wa punda na jirani yetu, mama wa kifugaji ambaye hata kanisani haji. Nilipoteza damu nyingi, wauguzi wakanikatia tamaa. Niliporudi na mtoto nikakuta mume wangu ameenda Babati kutafuta vibarua vya ujenzi. Hakuaga.

Nikakaa ndani. Sikulima, sikuoga vizuri, mtoto akilia namtazama tu. Yule jirani alikuja kila asubuhi kunipikia uji. Hakunihurumia. Siku moja aliniuliza, "Hiyo picha wewe mwenyewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona.

Siku ya mnada nikambeba mtoto mgongoni nikaenda Katesh. Nikamwomba yule kijana aitoe. Akakataa, akasema inamletea wateja. Akaniambia huko Ulaya kuna mji watu wanapigwa picha wamekumbatiana barabarani na hakuna anayelalamika. Nikamwambia wao hawana mama mkwe wangu. Akacheka, akarudi kazini.

Ndipo nikasimama mbele ya lile dirisha. Kila aliyekuja kutazama nikamwambia, huyu ni mume wangu wa ndoa, nilikuwa mjamzito, wewe unacheka nini? Mnada uliofuata nikarudi, na uliofuata. Wateja wakaanza kumkwepa. Alitishia kuniitia mgambo. Mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa pale jirani akaniletea kigoda na chai, akamwambia yule kijana, "Mgambo akija, aanze na mimi."

Habari zikafika Babati. Mume wangu akaja amekasirika, akanishika mkono anivute. Nikamwambia, "Nionyeshe hapo tulipokosea. Ukinionyesha, nakufuata."

Akatazama. Ndugu zangu, mwanamume yule alikuwa ameiacha nyumba yake kwa sababu ya picha ambayo hajawahi kuiona! Akauachia mkono wangu. Kisha akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamjibu. Akaingia ndani ya studio, akatoka na picha mkononi.

Sitawadanganya kwamba tulirudi kama zamani. Nilimpa chakula muda mrefu bila kuzungumza naye. Mama mkwe hadi leo hali chakula changu. Lakini tunalima pamoja, na barabarani tunatembea sambamba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule jirani wa uji na yule mama wa vitambaa, wote wawili si wa kanisa hili, na hilo mlifikirie mkifika nyumbani. Mkimwona mtu anamtendea mwenzake wema, piteni bila kumcheka. Na mwenye kamera aombe ruhusa.

Ninyi mliosogea kwenye benchi, wengi ni wakubwa zangu. Miaka yote hii mmenipita njiani mkitazama pembeni. Leo natangulia mimi, mbele ya watu wote: shikamooni.

Nasubiri mniitikie.