Makufuli Saba ya Chumba cha Pampu

Mgeni rasmi, ndugu wajumbe wa Mtandao wa Mashirika ya Afya, wagonjwa wetu, mabibi na mabwana: mimi ni mkunga mkuu wa zahanati hii, nasoma kwa niaba ya wenzangu.

UKARIBISHO
Karibu sana. Umetukuta wazima, ila mikono hatukupi. Utaelewa huko mbele.

HISTORIA
Zamani mashirika haya saba yalifanya kazi kila moja kivyake. Wiki moja tulifundishwa mara saba kunawa mikono, kila shirika na somo lake, na maji hatuna. Tukawasihi wakae pamoja. Wakakaa, wakachimba kisima, wakafunga pampu na kuijengea chumba. Siku ya kukabidhi likazuka swali: ufunguo akae nao nani? Walivutana mpaka jua likatupata vichwani. Mwisho wakakubaliana kila shirika liweke kufuli lake, ili maji yasifunguliwe pasipo ushirikiano. Tukapiga makofi. Jamani, tulipiga makofi!

MAFANIKIO
Vikao vimefanyika arobaini na viwili. Maji yametoka mara mbili. Mlango haujavunjwa hata siku moja, na kwa hilo tunawapongeza.

CHANGAMOTO
Wenye funguo hawakutani. Huyu yuko semina, yule yuko likizo, wa tano kaacha ufunguo kwenye suruali nyingine. Wajawazito wanakuja kujifungua na ndoo kichwani. Juzi mmoja aliniambia, "Dada mkunga, nawa wewe kwanza, yatakayobaki ndiyo ya mtoto." Nililia, sioni haya kusema.

Tulipolalamika, tuliambiwa tuunde kamati ndogo ya maji. Tukaiunda. Ikaomba na yenyewe iwe na kufuli.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tumekiona kisanduku chenye utepe. Tumeambiwa ndani mna kufuli la nane, la mshirika mpya, na wewe ndiye wa kulifunga. Tunakuomba kwa heshima zote: rudi nalo.

La pili ni la haraka. Tumehesabu viti vya mbele mara mbili. Leo, kwa ajili yako, wenye funguo wote saba wapo, na wa tano kavaa suruali ile yenye ufunguo. Ratiba inasema hotuba yako, kisha chakula, kisha kila mtu ashike njia yake. Tunaomba hotuba isubiri, mlango ufunguliwe kwanza. Hizo ndoo zenye maua chini ya viti si mapambo. Maua tutayatoa sasa hivi.

Na sauti unayoisikia nyuma ya pazia si kwaya inayojiandaa. Ni mke wa fundi bomba yule yule aliyeifunga pampu. Kaja asubuhi na uchungu, mikono mitupu. Tulipomuuliza ndoo iko wapi, akasema, "Si mgeni rasmi anakuja leo?"

Mungu akuzidishie afya, na azibariki funguo zilizomo mifukoni humo.

Ni sisi wakunga, wauguzi na wafagizi wa zahanati, tuliosimama hapa mikono nyuma, kwa kuwa haijanawa.